Sarafu Isiyo na Tundu

Mama mwenzangu, ukimwona mwanao amefumba jicho moja, kwenye jingine amebana kioo cha fundi saa, na kiganjani ana kipande cha chuma cha wakati wa Wabelgiji, usifurahi kwamba ametulia nyumbani. Mimi nilifurahi. Hapa Kadutu, ambako kila mvua mlima huteremka na nyumba za watu, kijana anayekaa ndani bila kelele huhesabiwa baraka.

Destin wangu alijifunza kwenye simu kwamba sarafu iliyokosewa kiwandani hutafutwa kuliko iliyo sawa: iliyopigwa mara mbili, iliyopinda maandishi, iliyosahauliwa tundu. Maana zile ndogo za zamani zilitobolewa huko huko Ulaya, tundu likakaa katikati ya nyota.

Tulikuwa nazo tatu, zimetungwa kwenye kamba inayoning'inia ukutani. Ni za koko, mama wa mama yangu, mtu wa Katana. Kwetu mtoto akishikwa na kifua, alivishwa kamba ile. Niliivaa mimi, akaivaa Destin. Moja kati ya zile tatu tundu lake lilikaa upande, kama jicho la mtu aliyepooza uso.

Siku hiyo akaniita dirishani. "Maman, kuya uone."

"Minaona chuma."

"Angalia vizuri! Hizi mbili, tundu yao iko laini, iko na mudomo. Hii iko na meno. Ni musumari. Na nyota, maman, katikati iko nzima! Mashini ilisahau kuitoboa. Ilifika huku bila tundu, koko akaipiga musumari!"

"Sasa angeivalisha mutoto namna gani? Angeibandika na mate?"

Hakucheka. "Nzima ingetununulia nyumba, maman. Koko alitoboa nyumba yetu," akasema.

Neno hilo lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Nikisonga bugali, namwona koko na nyundo yake, nikifua, namwona. Nikamlaumu marehemu ambaye hakuwa na mdomo wa kujitetea.

Destin alisema mashine haikosei mara moja ikatubu. Lazima ziko nyingine. Alisikia kwamba waliochimba barabara ya Hombo zamani walilipwa kwa sarafu zile. Akamchukua rafiki yake Zagabe, wakajiandaa kwenda Bunyakiri kuwauliza wazee.

"Njia ile haiko ya kutembea sasa, iko na watu ya bunduki," nikamwambia.

"Maman, wee unaogopa hata kivuli yako."

"Woga yangu ndiyo ilikukomaza."

Akanibusu kichwani, akaenda.

Zagabe alirudi peke yake, matope mpaka magotini. Nilimpa kiti, hakukaa. Alifungua kitambaa, akaniwekea mezani sarafu ndogo, nyeusi kwa umri, nyota yake imejaa katikati, haina tundu popote.

"Destin amesema umuwekee. Usiisugue, maman, hata na majivu. Ikikwaruzwa kidogo, haina kitu tena."

"Yeye iko wapi?"

"Muzee mwenye kutupatia hii alisema ndugu yake iko na ingine, mbele kidogo. Nikamuambia turudi, moja inatosha. Akasema, 'Tangulia, minakufuata.'" Akajifuta uso kwa mkono wenye matope. "Kisha masasi ya bunduki ikalia kule mbele. Watu wote wakakimbia. Nilimungojea mu kiwanja ya kanisa, maman. Nilimungojea sana."

Tangu hapo simu ya Destin haiiti. Wanaotoka upande ule nawauliza mmoja mmoja sokoni. Wengine hutikisa kichwa, wengine hununua dagaa wangu haraka na kuondoka. Maman Adélaïde, jirani yangu, husema asiyezikwa huenda yu njiani. Namshukuru, kisha nafunga mlango.

Leo mvua imenyesha tangu asubuhi, ziwa lililo chini ya mlima halionekani. Nimeishika ile sarafu mpaka ikapata joto la mkono. Nilitaka kuitunga pamoja na wenzake. Nikaizungushia uzi, ikateleza. Nikaufunga msalaba, ikachomoka, ikabingirika hadi chini ya kitanda chake.

Nilipopiga magoti kuitafuta, nilimwona koko tena. Safari hii nilisikia pia kifua cha mtoto kikikoroma pembeni yake.

Nimeiweka sarafu juu ya jiwe la kizingiti, nyota ikitazama juu. Nyundo nimeazima kwa Adélaïde. Msumari sikuutafuta mbali: nimeung'oa ukutani, ule uliokuwa umeshikilia kamba.