Wosia wa Mzee Rangi

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na Mzee Rangi alingoja mpaka ikawa balaa. Nusu ya nyumba za mtaa ule alizipaka yeye, na wenye nyumba wote walimsikia akisema akiwa juu ya ngazi, "Wosia nitaandika, kwani nakufa kesho?" Basi hakufa kesho. Alianza kusahau. Kwanza alisahau ndoo zake alipoziweka, kisha siku ya juma, kisha njia ya chooni katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake mwenyewe.

Aliyerudi kumtunza ni binti yake kitindamimba, mshonaji. Alifunga kibanda chake cha sokoni, akahamishia cherehani sebuleni kwa baba, akawa anashona sketi za shule huku sikio moja liko chumbani. Ukiuguza mzazi watu watakusifu sana, hasa wale wasiotia mguu. "Mungu atakulipa," kaka yake alikuwa akimwambia kwenye simu, na kaka huyo ana duka la vifaa vya umeme na magari mawili. Siku moja alikuja, akazunguka uani akipima kwa macho, akasema bila kupepesa kuwa baba akishatangulia nyumba itauzwa, kila mtu achukue chake. Dada mtu aliendelea kushona. Hakuwa na mume wala kiwanja, na wateja wake walimjua pale pale sebuleni. Fungu lake la mauzo lisingemnunulia hata choo cha nyumba nyingine.

Mzee, enzi za akili zake, alikuwa ametamka mara nyingi kwamba nyumba ni ya huyu binti, tena mbele ya huyo huyo kaka. Lakini neno la mdomoni halina mhuri. Ndiyo maana binti alikwenda kumwita wakili.

Wakili alikuwa mama wa makamo, mpole ila hapindiki. Alieleza mapema kwamba mzee hahitaji kukumbuka kila kitu. Ajue ana mali gani, ana watoto gani, na nani apate nini, na ayaseme mwenyewe bila kutiwa maneno mdomoni. Daktari alisema asubuhi ndiyo saa yake nzuri. Asubuhi wakaja, wakili na mashahidi wawili kutoka ofisini kwake. Kaka naye alijileta bila kualikwa, akakaa karibu na mlango, na mzee akamdhani ni mmoja wa wale mashahidi.

Mzee alikuwa ameogeshwa, amenyolewa ndevu, ameegemea mito na shuka miguuni.

"Shikamoo, mzee," wakili alisema.

"Marahaba. Umekuja kwa habari ya rangi?"

"Nimekuja kwa habari ya nyumba yako."

"Hii niliijenga na kuipaka mwenyewe. Ukuta huo una mikono mitatu ya rangi. Mafundi wa siku hizi wangekupigia miwili, wakakudai mitatu."

Mashahidi walicheka. Binti, aliyesimama kando ya kitanda na taulo begani, alianza kupumua.

"Una watoto wangapi?"

"Wawili. Wa kiume ana duka. Wa kike anashona."

Kweli tupu. Wakili aliandika, kisha akauliza lile lililowaleta. "Ukiondoka, nyumba hii ungependa abaki nayo nani?"

Mzee hakufikiri hata kidogo. Alinyoosha kidole kwa binti yake. "Huyu hapa."

Jamani, nyumba imepata mwenyewe. Binti alishika ubao wa kitanda.

"Na huyu ni nani?" wakili aliuliza.

"Nesi wangu. Jina limenitoka, lakini ananiogesha, ananilisha, nikiita usiku anaitika. Mwandike yeye."

"Na binti yako?"

Uso wa mzee ulikunjamana. "Yule sijui nilimkosea nini. Tangu tumzike mama yake hajakanyaga hapa. Nilitaka iwe yake. Lakini mtoto asiyekuja kukujulia hali utampaje nyumba?"

Wakili aliweka kalamu chini. Akamvuta binti dirishani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Hivi siwezi kuandika. Nesi anayempa na binti anayemnyima ni mtu mmoja, na yeye hajui. Mkumbushe wewe ni nani. Usimfundishe la kusema. Akikutambua, nitamuuliza upya."

Binti alikaa kitandani, akaushika mkono wa mzee. "Baba."

"Mbona leo unaniita baba?"

"Kwa sababu mimi ndiye mwanao. Yule anayeshona. Sijaondoka, niko hapa siku zote."

Mzee alimtazama, akamtazama tena. Polepole ikamjia, kila mtu mle chumbani aliona inavyomjia. Na msidhani ilikuja na furaha.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Ndiye wewe unayenivua nguo?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unayenisafisha? Mwanangu wa kike?"

Alivuta shuka, akaipandisha mpaka kidevuni, akageukia ukuta. Mabega yalikuwa yakimruka. Mwanamume yule hata wanawe walipokuwa wadogo hawakuwahi kumwona bila shati. "Nifunikeni," alisema. "Mwanangu asinione hivi."

Wakili alisogea na karatasi. "Amekutambua," alinong'ona. "Mwache atulie, nimuulize sasa hivi."

Mzee aligeuza shingo. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na yalikuwa yakimwomba yule mwanamke aliyeketi kitandani kitu. "Niambie kweli. Wewe ni mwanangu?"

Binti alijua nyumba iko kwenye jibu lile. Aliwaza chumba cha kupanga, cherehani imebanwa na kitanda, uzee wake mwenyewe usio na mtu wa kuitika.  

"Hapana, mzee," alisema. "Nilikuwa nakutania. Mimi nesi."

Mkono wa mzee ulilegea kwenye shuka. Alipumua kama aliyetuliwa mzigo. Wakili alifunga jalada lake, wosia haujaandikwa, akawaashiria mashahidi. Kaka mtu alikuwa ameshatoka nje bila kuaga.

Walipobaki wawili, mzee akamwita karibu.

"Nesi. Huyo binti yangu, ipo siku atakuja tu. Usije ukamwambia kuwa naogeshwa."

"Simwambii, mzee," alisema, akamfuta machozi kwa taulo.