Redio Anajifunza Kusikiliza

Mtaani walimwita Redio, na hawakumsingizia. Kazi ya redio ni kusema; umewahi kuona redio inamsikiliza mtu? Saluni yake ilikuwa na viti viwili, draya moja, na mdomo wake. Mteja akikaa tu na kusema, "Dada, naomba unipunguzie ncha," yeye ameshadakia, "Najua, unataka rasta. Uso wako huo bila rasta utaupeleka wapi?" Na mteja anatoka na rasta, maskini, huku kichwa kinamuuma.

Sasa Redio huyohuyo ndiye aliyetakiwa kufanya mtihani wa Kijerumani, ngazi ya chini kabisa. Mumewe alikuwa Ujerumani, anapanga mizigo ghalani, na bila cheti cha mtihani ule mke hapewi viza ya kumfuata. Kusoma aliweza. Kuandika, alijitahidi. Kuongea usiseme: aliongea hata maneno ambayo Wajerumani wenyewe bado hawajayapata. Kilichomshinda ni kusikiliza. Na safari alishaitangaza mtaa mzima, tena kiti kimoja cha saluni alishakibandika karatasi ya KINAUZWA. Akifeli, ni aibu ya kumhamisha mtaa.

Siku moja darasani mwalimu aliwasha rekodi. Mwanamke anampigia rafiki yake simu, anataka waonane Jumatatu. Redio kusikia Jumatatu, akaweka alama, akatupa kalamu, akamgeukia wa pembeni yake kumhadithia habari za wifi yake. Nyuma yake sauti ikaendelea kusema kwamba, lakini, Jumatatu ana miadi na daktari, hivyo waonane Jumanne.

"Umekosa," mwalimu akamwambia.

"Nimekosaje? Jumatatu kaitaja, hakuitaja?"

"Kaitaja."

"Sasa!"

Mwalimu alikuwa mama mkavu, asiyecheka hata akitekenywa. Akavua miwani. "Hawa watu wanatega, mwanangu. Cha kwanza wanachokitaja ni chambo. Jibu liko baada ya 'lakini'. Kwa hiyo wewe funga mdomo mpaka ulisikie hilo 'lakini', ukishalisikia ufunge zaidi. Na watarudia mara ya pili. Mara ya pili si ya kubishana, ni ya kuhakikisha."

Basi mateso yakaanza. Redio akawa anasuka wateja huku amevaa hedifoni, na mwanzoni alijibizana na rekodi vilevile. Treni imehamishiwa jukwaa jingine: "Na nyie mlikuwa wapi kusema mapema?" Mwanamume anatafuta viatu ghorofa ya kwanza, kumbe viko ya tatu: "Si uulize, wewe, au huna mdomo?" Akifika hapo, jibu limeshapita na hajalipata. Mwisho akajitafutia dawa: akawa anabana kitana kwa meno. Kikamzoea. Juma moja mteja akaomba kupunguzwa ncha, akapunguzwa ncha, akalipa, akatoka. Mtaa mzima ukavumisha kwamba Redio anaumwa.

Jumapili mumewe akapiga simu. Simu zao zilikuwa na utaratibu wake. Mume huanza, "Mke wangu, hilo suala la wewe kuja ni zuri, lakini..." na Redio anadaka hapohapo, "Lakini nini? Baridi? Koti nimeshanunua!" Kuanzia hapo kazi ya mume ni kuitikia mpaka bando liishe.

Siku hiyo alikuwa peke yake saluni, anafua taulo, simu iko kwenye spika, kitana kiko menoni.

"Mke wangu, hilo suala la wewe kuja ni zuri, lakini..."

Redio akabana kitana.

"Haloo? Uko hewani?"

"Mmh."

Mume akababaika. Tangu waoane hakuwahi kufika upande wa pili wa neno lile, na sasa amefika, hajui ashike wapi. "Lakini usije. Kazi hata huko nilikuwa nayo. Nilikuja huku kutafuta kimya. Jioni nikirudi chumbani nasikia friji inaunguruma, basi, hakuna kingine, na nafurahi. Huo mtihani wako nilikuwa naomba ufeli. Nisamehe."

Ilimuuma. Tusidanganyane, ilimuuma mpaka taulo likamponyoka, likadondoka kwenye beseni, maji yakamlowesha miguu. Redio wa zamani angemporomoshea matusi mpaka hiyo friji izime yenyewe. Huyu wa sasa akatoa kitana mdomoni.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Ulichosema. Mara ya pili."

Mume akarudia. Yalikuwa yaleyale, hata friji ilikuwemo.

"Nimesikia," Redio akasema.

Na hapo, jamani, wanaume! "Umenisikiliza!" mume akapiga kelele kwa furaha. "Mke wangu, umebadilika! Hujawahi kuniacha nimalize hata siku moja! Kama ndiyo hivi, basi njoo!"

"Mtihani nitaufanya," Redio akasema taratibu, "na nitafaulu, lakini..."

"Hakuna cha lakini!" mume akadakia. "Koti si unalo? Nitakuja kukupokea mwenyewe! Kitanda nitanunua kikubwa, friji tutaisogeza kule dirishani, na jirani yangu nitamwambia..." Akaenda, akaenda, maneno ya ndoa nzima yanamtoka kama bomba lililopasuka, mpaka bando likamwishia na simu ikakatika.

Redio akafuta mikono. Akakiendea kile kiti, akabandua karatasi ya KINAUZWA, akakikalia mwenyewe, akatazamana na kioo.

"Lakini siji," akasema.

Kisha akarudia mara ya pili, kama inavyotakiwa.