Mpangaji wa Mwanawe

Donncha alikuwa ameshainua shoka, akate tawi la kutengenezea mpini wa sepetu, alipomsikia mwanawe nyuma yake.

"Baba, acha. Mti huo ni wangu."

"Niliupanda mwenyewe, Conchúr. Mwaka uliozaliwa."

"Cornelius. Nimekuomba uniite hivyo, kwa Kiingereza, mbele za watu."

Hapakuwa na watu. Palikuwa na ng'ombe wawili na mvua.

Conchúr alikuwa amerudi kutoka Dublin na karatasi ya askofu wa kanisa la mfalme wa Uingereza, yenye kuthibitisha kwamba ameuacha Ukatoliki. Sheria iliyowanyang'anya Wakatoliki ardhi haikutaka zaidi ya hapo. Shamba likawa la mwana mkubwa; baba akabaki mpangaji mpaka afe, asiuze, asikate mti. Wadogo wawili wakaambulia patupu. Mmoja alikwenda Ufaransa kuwa askari. Wa pili hakuaga.

"Nisingefanya hivi, angekuja mgeni akalichukua," Conchúr alisema. "Nimeliokoa, baba."

"Kutoka kwa nani? Kwangu?"

Conchúr alilichukua shoka mkononi mwa baba yake, akaenda zake.

Jumapili Donncha alipanda mlimani, kwenye jiwe ambapo padri wa Kikatoliki, aliyekuwa akisakwa na askari, alikuwa akiwasomea waumini misa kwa siri. Hapakuwa na mtu, kama wiki iliyopita. Akiteremka alikutana na Sorcha, jirani yake mjane, anakwenda mbiombio.

"Dada, misa imehamia wapi?"

"Misa gani, kaka? Natafuta mbuzi wangu."

"Na rozari mkononi?"

Sorcha aliificha chini ya shali. "Usinitese, Donncha. Unakula meza moja na yule mwanao. Padri akikamatwa, tutamlaumu nani?"

"Padri huyo ndiye aliyemzika mke wangu."

"Najua. Nilikuwepo." Akashuka bondeni bila kugeuka.

Donncha alimfuata kwa mbali. Ng'ambo ya kijito akawaona: watu kama hamsini wamepiga magoti matopeni, na padri amewapa mgongo, mikono juu. Sauti haikumfikia. Donncha alivua kofia, akapiga magoti palepale alipokuwa, kati ya vichaka vya miiba.

Mlinzi waliyemweka juu ya kilima akamwona, akapiga mluzi.

Watu walitawanyika, kina mama wakikokota watoto, padri akikimbia huku anakunja kitambaa cha altare kifuani. Donncha alisimama akapunga kofia kwa nguvu.

"Ni mimi!" alipaza sauti. "Ni mimi tu, Donncha!"

Wakazidi kukimbia.