Uchovu Uliowekwa Kando

Chepkurui alikuwa katikati ya mstari wake wa chai, kikapu mgongoni kimefika nusu, usingizi ulipomwangusha. Alilaza ufito wake wa kupimia urefu wa machipukizi juu ya vichaka, akajinyoosha kwenye mfereji mkavu kati ya mistari miwili, akaanza kukoroma. Nyapara Aron alimkuta hapo. Alikohoa mara moja, kisha akamgusa kiatu kwa ncha ya mwavuli.

"Mama Chepngetich, unaumwa?"

"Siumwi. Ni huyu msichana wangu. Amenilaza tena."

Aron akatikisa kichwa na kuendelea na mzunguko wake. Kambi nzima ilijua kwamba Chepngetich alikuwa anasomea kompyuta Sotik, na kwamba ndani ya kompyuta hiyo alikuwa amemweka mama yake.

Jioni Chepkurui alimngoja bintiye mlangoni, bado amejifunga ile aproni ya plastiki.

"Ukitaka kunilaza, nilaze saa ya chakula. Saa nne asubuhi mtu yuko kazini."

"Pole, Mama. Utepe wako ulikuwa mwekundu sana."

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, barabara zote zimekatwakatwa na mvua. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za ng'ombe, na mwalimu wake alikuwa Calvince Oyoo, kijana kutoka upande wa ziwa aliyeleta mashine zake kuukuu akiwa amezifunga kwa blanketi. Wanafunzi wake wakishamaliza kupiga chapa, aliwaruhusu kucheza mchezo wa maisha. Mtu anaumba mtu wake, anamvisha, anampa kazi na nyumba, kisha yule mtu anaanza kuishi: anakula, analala, anagombana na jirani, anazeeka. Juu ya kichwa chake kuna utepe mwembamba. Akiwa mzima, utepe ni kijani. Akichoka, unakuwa mwekundu.

Wenzake Chepngetich waliumba madereva wa malori na waimbaji. Mmoja aliumba rubani mwenye wake wawili. Chepngetich alimuumba mama yake, mchumaji chai, kwa sababu huyo ndiye mtu pekee ambaye siku yake aliijua ilivyo tangu alfajiri hadi jioni. Tangu siku ile, akinyweshwa uji kule Sotik, Chepkurui alicheua shambani. Akivishwa sweta, alitokwa jasho juani.

Shida ilikuwa ule utepe. Rubani alikesha akicheza dansi na bado alikuwa kijani. Chepkurui alipewa maziwa, akapewa godoro, akabaki mwekundu.

"Hata jirani wa kuongea naye nimekupelekea," Chepngetich alilalamika.

"Ndiyo maana Jerusa alinikalia jana mpaka ugali ukaungua."

Chepkurui mwenyewe hakuona haya kuwa mwekundu. Katika sehemu yao ya shamba hakukuwa na mtu aliyewahi kumpita kwenye mizani. Majani yake yalikuwa mawili na ncha, mawili na ncha, wala kiwandani hawajawahi kumwaga kikapu chake kwa ubovu. Utomvu wa chai ulikuwa umemtia weusi vidoleni ambao sabuni haiutoi, na kanisani, wenzake wakificha mikono chini ya leso, yeye aliiweka yake juu ya benchi la mbele watu waione.

Siku ya soko alipitia chuoni. Calvince alimpa kiti chenye mto, akamwagizia chai, akamgeuzia kioo cha mashine ajione. Chepkurui alijitazama akipita kati ya vichaka na kikapu chake.

"Mbona mmenifanya mfupi?"

"Mashine haina wanawake warefu, mama."

"Basi mngeniinulia kitambaa cha kichwa." Aliinama karibu zaidi. "Lakini mkono ni wangu. Unachuma vizuri."

Ndipo Chepngetich alipoitoa diski ndogo kwenye droo, akaishika kwa vidole viwili. Ilikuwa modi, alieleza. Nyongeza ambayo watu wengine wameitengeneza ili ibadilishe sheria za mchezo. Zipo modi za kuzuia uzee, zipo za kuotesha nyumba usiku mmoja. Hii ilikuwa ya kuondoa uchovu.

Chepkurui alimgeukia mwalimu. "Wewe unasemaje?"

Calvince alijikuna shingo. "Watu wanabishana, mama. Kuna wanaosema ukitia modi umeharibu mchezo, unajidanganya mwenyewe. Wengine wanasema aliyetunga hizo sheria si Mungu. Kama sheria inaumiza mtu, ibadilishwe. Mimi sijaamua. Ninachojua ni kwamba uchovu haufutiki. Mashine inauweka kando."

"Kando wapi?"

"Hapo sijui."

"Mama, wewe kubali tu," Chepngetich alisema. "Kila mtu ana modi. Yule rubani ana tatu."

"Kuna mtu amewahi kunipita kwenye mizani?"

"Hakuna."

"Basi usinitie kitu. Wacha nichoke na kazi yangu."

Akashukuru kwa chai na kuaga. Lakini kwenye ngazi goti lilimkataa, akasimama muda mrefu ameshika ukuta, uso umekazwa ili asipige kelele mbele ya watu wa dukani. Chepngetich alimwona kutoka juu. Jumatatu akaitia modi.

Chepkurui alijua kabla ya chai ya asubuhi. Goti lilinyamaza. Mgongo, ambao kwa miaka mingi ulizungumza naye tangu kuamka, haukusema neno. Alimaliza mstari wake, akaingia wa pili, akatazama juu na kuona jua bado liko palepale. Jioni alirudi nyumbani akapalilia sukuma wiki, akapasua kuni, akatafuta kitu kingine cha kufanya.

"Umeitia," alisema, akisonga ugali.

"Nimeitia, Mama."

"Nilikukataza."

"Ndiyo."

Mwiko ulizunguka sufuriani, na bega halikuuma. "Tutaongea Jumapili," Chepkurui alisema. Jumapili ikafika, ikapita, hawakuongea.

Mvua za msimu zilimkuta akichuma kuliko mwanamume na mkewe wakiungana. Watu wa sehemu nyingine walipita kumtazama. Meneja alikuja na gari lake, akasimama chini ya mwavuli akihesabu vikapu vyake, kisha akawakusanya watu wote mbele ya kibanda cha mizani na kumkabidhi Chepkurui chupa ya chai yenye maua mekundu. Chepkurui aliipokea kwa mikono miwili. Alisimama wima, kilemba kimefungwa juu, na wenzake wakampigia vigelegele hadi upande wa pili wa bonde. Moyo ulimjaa. Alijiambia kwamba hata kama uchovu uko kando, vidole ni vyake.

Wiki iliyofuata kiwango cha kilo za siku kilipandishwa. Hakikufika chake, lakini kilimpita kila mwanamke mwingine. Asiyekifikia aliandikiwa malipo ya nusu siku.

Jerusa ndiye aliyeumia mapema. Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye nyonga mbaya tangu uzazi wa mwisho, na sasa alirudi na nusu siku juu ya nusu siku. Hakumlaumu mtu. Aliendelea kuja kuomba chumvi kama kawaida, ila sasa alisimama mlangoni, akapokea, akaenda. Ni kule kutokukaa kulikomchoma Chepkurui.

Alimwendea Aron. "Rudisheni kiwango cha zamani."

"Mama, kiwango kupanda kinajua, kushuka hakijui." Aron alisema bila ubaya. "Na aliyeonyesha kwamba inawezekana ni wewe. Meneja amekuona na macho yake."

Ijumaa Chepkurui akapanda ngazi za chuo bila kushika ukuta, akasimama nyuma ya kiti cha bintiye.

"Itoe."

"Mama, nilikosea kutokukusikiliza, lakini..."

"Ulifanya kama mtoto anayempenda mamake. Sasa itoe. Sikuzaliwa niwe fimbo ya kuchapia wanawake wenzangu."

Calvince alitazama mashine, akamtazama yeye. "Uchovu wote uliowekwa kando utarudi, mama. Wote."

"Ni wangu. Urudi."

Ulirudi Jumapili baada ya ibada, kwa miguu, ukitokea upande wa Sotik. Watu waliokuwa wanatoka kanisani waliupisha barabarani. Walikuwa akina Chepkurui wengi, wamefuatana kwa safu, mmoja kwa kila siku aliyochuma bila kuchoka. Kila mmoja na aproni yake iliyolowa, kikapu kimejaa, mgongo umepinda. Waliingia kambini, wakaketi kwenye nyasi mbele ya nyumba, wakashusha pumzi. Mbwa hawakubweka, kwa sababu harufu ilikuwa ya mtu wanayemjua.

Chepkurui alitoka na kuwasalimia. Wa kwanza alimshika mkono, na yule mwanamke akainama kama anayepita kwenye mlango mfupi, akaingia ndani yake. Mabega ya Chepkurui yakashuka. Akaita wa pili, na wa tatu. Goti likaanza kusema tena. Baada ya wachache zaidi alikuwa ameshikilia nguzo ya mlango, na safu bado ilifika kwenye bomba la maji.

Jerusa alikuja akichechemea na ndoo ya uji, akawagawia waliokaa. "Hawa wote utawamaliza peke yako?"

"Ni wangu."

"Ulichuma wewe, kiwango tukapandishiwa sote. Hata hawa tutagawana."

"Jerusa, na hiyo nyonga?"

"Nyonga nimeizoea. Huyu wa siku ya mvua ya mawe, niachie mimi."

"Sijawahi kumbebesha mtu mzigo wangu."

"Na mimi sijasema unibebeshe. Nimesema nachukua."

Chepkurui alifungua kinywa akatae, lakini Chepngetich alikuwa ameshateremka kutoka barazani. Alishika mikono ya wawili kwa mpigo. Papo hapo akakaa chini kwenye nyasi, machozi yakimtoka.

"Mama, hii ndiyo unabeba kila siku?"

"Kila siku," Chepkurui alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la ukoo wake.

Baada ya hapo wanawake walikuja bila kuitwa, wa kutoka Ndanai na wa kutoka ziwani, wakiwa bado na nguo za kanisa. Walichagua wakizunguka taratibu, huyu wa Jumatatu, huyu wa siku ya umande mwingi. Kila mmoja alimshika wake mkono na kwenda naye nyumbani. Chepkurui aliwachukua waliobaki, na walikuwa wengi kuliko aliowachukua mtu mwingine yeyote, hilo alilisimamia. Saa ya kukama ng'ombe ilipofika, nyasi zilikuwa tupu, zimelala.

Jumatatu sehemu nzima ilichuma polepole. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kiwango kilikuwa kilekile kipya, kimeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa kibanda. Foleni ilipofika kwa Chepkurui, karani Gibson alitundika kikapu chake, akasubiri mshale utulie, kisha akautazama mara ya pili. Tangu aanze kazi hajawahi kuona mama huyu akipungukiwa.

Aliinamisha kichwa na kushusha sauti. "Mama, niongeze kidogo? Hakuna atakayejua."

"Mizani inasema nini?"

Gibson akamwambia.

"Andika hiyo."

Akaandika, na pembeni yake akaandika nusu siku. Chepkurui alichukua kikapu chake, akanyoosha mgongo hadi pale ulipokubali, akasogea pembeni ili Jerusa apime.