Saa ya Upande wa Baba

Kila mwaka klabu ya sataranji, ile iliyo ghorofani juu ya duka la vipuri, hufanya mashindano ya haraka. Kila mchezaji ana dakika tano. Zikimwishia amefungwa, hata kama alibakiza hatua moja ammalize mwenzake. Ukishasogeza kete unabonyeza saa, wakati wako unasimama, wa mwenzako unaanza kukimbia. Ukisahau kubonyeza, shauri yako, na watazamaji hawaruhusiwi hata kukohoa kwa makusudi.

Safari hii msusi mmoja wa nywele aliingia fainali kwa hofu, maana wa kumkabili alikuwa baba yake mzazi, dereva mstaafu wa malori ambaye klabu nzima ilimwita Mzee Gia. Ndiye aliyekuwa bingwa mwaka jana, na mwaka juzi pia.

Si ubingwa uliomtia msusi kiwewe. Siku chache nyuma mzee alikuwa amewapeleka wajukuu shule kwa gari lake, kama kawaida yake, akaenda kuwashusha kwenye shule aliyosoma mama yao alipokuwa mdogo. Watoto waliona kichekesho. Msusi, mama yao, hakucheka. Alimwomba baba yake aache kuendesha na waende kwa daktari, mzee akawaka moto.

"Nimeshika usukani hujazaliwa! Leo uninyang'anye gari kwa kukosea kona moja?"

Walizozana mpaka mzee akatoa hukumu yake mwenyewe: akifungwa kwenye mashindano, funguo atazikabidhi na kwa daktari atakwenda. Akishinda, asisikie tena habari hizo.

"Shikamoo, baba," alisema msusi akivuta kiti.

"Marahaba. Leo sikuonei huruma, mwanangu."

Na kweli hakumwonea. Mzee alicheza vizuri mpaka ikatia hasira. Akamla farasi, akambana mfalme pembeni, na kila akibonyeza saa alibonyeza kwa madaha kama mtu anayepiga honi mbele ya nyumba ya wakwe. Vidole vya msusi, vilivyosuka vichwa tangu asubuhi, vilianza kuchezea kete zilizoliwa. Aliwaona wanawe kwenye kiti cha nyuma cha lile gari, Jumatatu asubuhi, katikati ya malori.

Ndipo mzee akasogeza malkia, akaegemea kiti, akakunja mikono. Saa hakuibonyeza.

Msusi alidhani ni mbwembwe. Akatazama saa: ya kwake imesimama tuli, ya baba inateremka. Mzee alikuwa akimtazama kwa tabasamu, akimsubiri acheze. Katibu wa klabu, aliyekuwa mwamuzi, aliona, akajitia kutazama dari. Wote waliona. Sheria ni sheria.

Alichotakiwa msusi ni kukaa tu. Akae kimya, muda wa mzee uishe, wanawe wapone. Alijiambia hivyo huku jasho likimtoka kwapani. Dakika ya mwisho ya mzee ikaanza kuyeyuka. Akaminya mikono yake katikati ya magoti isije ikafanya ujinga.

Kisha mzee akaanza kuangaza huku na huku. Akaitazama meza, akazitazama nyuso za watu, akamrudia binti yake. Tabasamu lilikuwepo bado, lakini macho yalikuwa yanamuuliza: kuna nini, mbona huchezi? Hilo msusi hakuliweza. Mkono ukamtoroka, ukagonga meza kando ya saa.

Mzee alishtuka, akabonyeza. Hatua chache baadaye mfalme wa msusi hakuwa na pa kukimbilia.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. "Gia bado inaingia!" alipiga kelele katibu, na mzee akacheka mpaka machozi. Msusi alipiga makofi pia, akijichukia. Amewauza wanawe kwa huruma ya kijinga.

Nje, mzee alikuwa akichezesha funguo kando ya gari. "Umeona mwenyewe. Twende, nakurudisha kwako."

"Baba, ulisahau saa."

"Nani? Nilikuwa nakupima wewe."

"Ulisahau, baba. Muda ulikuwa unaisha na hukujua. Mimi ndiye niliyekugongea meza."

Mzee akafungua kinywa kugomba, akakifunga. "Si ungeninyamazia, ukashinda?"

"Nilitaka. Wallahi nilitaka. Nilishindwa kukutazama vile."

Basi lilipita, likafuatiwa na pikipiki mbili. Mzee alivisindikiza kwa macho hadi vikapotea kwenye kona, akazitazama funguo mkononi.

"Na barabarani," alisema mwishowe, "nani atanigongea meza?"

Mzee akaweka funguo juu ya boneti, akazunguka gari, akaingia upande wa abiria na kuubamiza mlango. Msusi alikaa mbele ya usukani, machozi yakimziba macho, akawasha. Gari likaruka mbele, likazimika.

"Klachi," alifoka mzee, akitazama dirishani. "Kanyaga klachi kwanza."