Beryl Alivyonifundisha Kulalamika

Nilipofika ng'ambo, Derbyshire, sikujua kulalamika. Nilikuwa muuguzi mgeni kutoka Bukoba, na mtu akiniuliza habari nilisema nzuri, nikamshukuru Mungu, basi. Beryl ndiye aliyenirekebisha. Tulifanya kazi wodi moja, na baadaye nikapata nyumba inayotazamana na yake.

"Koku, kipenzi," aliniambia siku moja tukikunja mashuka, "ukisema kila kitu kizuri, watu wataona unajidai. Sema mgongo unauma. Sema mvua imezidi. Sema basi limechelewa. Hapo mtu anapata la kukujibu."

Nikajifunza. Nimekaa hapa miaka thelathini na mmoja sasa, na nalalamika kama niliyezaliwa hapa. Na hakuna mahali ambapo watu hulalamika kwa raha kama kwenye vishamba vya nyuma ya kanisa. Viko arobaini, hukodishwa na chama cha wakulima wa mji, na ukitaka kimoja unaandikwa kwenye foleni, unangoja miaka. Ukipita asubuhi, mtu ameinama kwenye vitunguu vyake, anakuuliza, "Vipi, Koku?" Nawe unajibu, "Ah, nimelichoka shamba hili. Mwakani naliacha." Naye anasema, "Wewe una afadhali. Mimi konokono wamenila mpaka kucha." Mnacheka, kila mmoja anaendelea na jembe lake. Mwakani wote mko palepale.

Mimi nilipata changu mwaka uliofuata baada ya mume wangu, Rwegasira, kufariki. Kilikuwa pori. Beryl hana shamba, anasema maua ya kwenye chungu yanamtosha, lakini siku ya kwanza alikuja na glavu za kuoshea vyombo, akang'oa miiba pamoja nami mpaka glavu zikachanika na vidole vikatoka damu. Sijasahau. Hata leo, baada ya haya nitakayoyaeleza, sitaki kuyafuta mema yake. Majira ya baridi yale ya kwanza alikuwa akivuka barabara kabla sijatoka nje, akakwangua barafu kwenye ngazi yangu ili nisiteleze. Hakuwahi kuyataja. Nilimwona dirishani.

Jumamosi zilikuwa zetu. Yeye alileta gari, mimi nilileta chakula. Kuanzia Aprili mpaka Septemba watu wa kaunti hii hufungua bustani zao, wewe unalipa, unaingia na kutazama waridi za mtu usiyemjua, unakula keki yake, fedha zinakwenda kutengeneza paa la kanisa au hospitali. Majira ya baridi tulitembea kando ya mfereji na viatu vya mpira. Miaka kumi na mmoja tulifanya hivyo, na nadhani Jumamosi tulizokosa hazifiki kumi.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, binti yangu Asimwe alijifungua mapacha kule Bristol. Nikaenda kumsaidia. Ilikuwa niende wiki tatu, zikawa kumi, maana mmoja wa watoto alikataa kunyonya na mama yake alikuwa analia kuliko yeye.

"Kaa huko mpaka mambo yatulie," Beryl aliniambia kwa simu. "Shamba niachie mimi. Nitachimba, nitapanda viazi vyako. Na Clive nitamwambia uko wapi."

Clive ndiye katibu wa chama. Kanuni ni kwamba ukiwa hupo unatoa taarifa, na shamba lisilolimwa mpaka mwisho wa mwezi wa nne linaweza kupewa mtu mwingine. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na Beryl.

Nilirudi mwanzoni mwa Juni. Magugu yalinifika kiunoni. Hapakuwa na kiazi hata kimoja. Kibanda changu cha plastiki ninamooteshea mchicha kilikuwa kimeanguka ubavu, na juu ya kigingi cha mlangoni walikuwa wamebandika bahasha iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Barua ilisema shamba langu halijalimwa msimu huu. Ilisema pia chama kimepata taarifa kwamba huenda silihitaji tena. Nikiwa na pingamizi nilieleze ndani ya siku ishirini na nane, na kumi na tisa zilikuwa zimekwisha.

Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Watu wa umri wangu wakilipoteza shamba hawapati jingine. Foleni ni ndefu kuliko miaka niliyobakiza. Na asubuhi nikiamka, kama hakuna shamba la kwenda, sijui ningevaa viatu kwa ajili ya nini.

Jumamosi ile, ndani ya gari, nilimwonyesha Beryl barua.

"Clive na barua zake!" akasema. Hakuisoma mpaka mwisho, akanirudishia. "Mvua ilinishinda, Koku. Kila nikitaka kwenda inanyesha. Samahani, kipenzi."

"Si kitu. Lakini utakuja nami kwake? Umwambie kwamba ulimpa taarifa?"

"Tutaona." Akawasha kiashiria, gari likapinda. "Kwani, labda ni heri. Na mgongo wako ule."

"Mgongo wangu una nini?"

"Si kila siku unaulalamikia?"

Nikacheka, nikadhani ananitania. Yeye alitazama barabara.

Bustani ya siku ile ilikuwa maili kumi na nne kutoka kwetu, ya bibi mmoja mwenye waridi za kupanda ukutani. Meza zilikuwa kwenye majani. Beryl akaenda kupanga foleni ya chai, nami nikashika meza. Ghafla nikasikia, "Bibi Koku!" Ni Joanne, binti yake Beryl, na wanawe wawili. Hatukujua kwamba atakuja. Mumewe alikuwa anapaka rangi nyumbani kwao, ghorofa ya tatu, na harufu ilikuwa imewatoa nje.

Alinikumbatia kwa nguvu hata kofia yangu ikadondoka.

"Sijui nikushukuru vipi," akasema.

"Kwa lipi, mwanangu?"

"Shamba! Najua, najua, mama alisema nisikutajie mpaka chama kimalize, ati utaona haya. Lakini siwezi kunyamaza. Hawa wameshachora ramani, huyu anataka stroberi shamba zima."

Nilimtazama mtoto. Alikuwa ameng'oka jino moja la mbele, na anatabasamu na pengo lake.

"Mama yako alisemaje hasa?"

"Kwamba umelichoka, umesema mara mia, ila huwezi kulirudisha mwenyewe kwa sababu ya kumbukumbu. Ndipo akamwandikia Clive kwa niaba yako. Na sisi ndio wa kwanza kwenye foleni. Miaka minne, Koku!" Kisha akaniangalia vizuri. "Nimesema vibaya?"

"Hapana. Ni jua tu hili."

Mara hiyohiyo akainuka, akauvuta mwavuli mkubwa na chuma chake chote, akaniwekea kivuli. Nikajua kwamba yeye hakuwa na kosa.

Beryl alitokea na trei. Alituona. Aliiweka trei polepole, akapanga vikombe, akavigeuza vishikio vyote upande mmoja.

"Zilibaki skonzi mbili tu," akasema. "Tumebahatika."

Nilikunywa chai yangu. Sikutaka kumwaibisha mbele ya wajukuu wake. Tuliposimama kuondoka, msichana wa jikoni alinikimbilia na kofia yangu, maana nilikuwa nimeiacha kwenye majani. Nilimshukuru, nikaivaa.

Ndani ya gari nilihesabu maili sita.

"Uliandika barua," nikasema.

"Ilikuwa dokezo tu."

"Uliniambia utanilimia."

"Nimekwambia, mvua..."

"Beryl."

Akabadilisha gia pasipo sababu. "Haya. Wewe mwenyewe ulisema umelichoka. Sikuzua. Ulisema mbele ya watu, mwaka baada ya mwaka: nimechoka, naliacha. Nani asiyekusikia?"

"Na nani alinifundisha kusema hivyo?"

Masikio yake yakawa mekundu. Alijua, kuliko mtu yeyote katika nchi hii, kwamba maneno yale hayakuwa na uzito wowote. Yeye ndiye aliyeniwekea kinywani, neno kwa neno, juu ya mashuka ya hospitali. Sasa aliyachukua na kuyapeleka kwa katibu kama ushahidi.

"Joanne anakaa ghorofa ya tatu na wale watoto," akasema hatimaye. "Hawana hata pa kurushia mpira. Wewe una miaka sabini na mbili. Hebu niambie, nani anastahili zaidi?"

"Ungeniomba."

"Hatuombani vitu kama hivyo huku, Koku. Ungeona aibu kukataa."

"Kwa hiyo uliona bora uniibie, nisije nikaona aibu."

"Usiseme kuiba. Neno baya hilo."

Lakini lililonichoma si hilo. Lililonichoma ni lile "huku". Miaka thelathini na mmoja, nimewazalisha wanawake wa mji huu, nimemzika mume wangu katika udongo wake, na rafiki yangu ananieleza mambo ya huku kama kwamba nimeshuka kwenye ndege jana.

Aliegesha mbele ya nyumba yangu. "Jumamosi ijayo saa tatu?" akauliza. Aliuliza kweli. Nilifunga mlango wa gari taratibu, sikuubamiza.

Jumapili asubuhi nilimkuta Clive anafunga maharage yake kwenye fito. Ni mtu mrefu, mkimya, alikuwa dereva wa treni. Alinitazama usoni, akatoa leso, akafuta umande kwenye benchi kabla sijaketi.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Ile barua ya Beryl haikunikaa vizuri."

"Alikwambia kwamba niko kwa binti yangu?"

"Hakusema. Aliandika kwamba umechoka, umesema hutaki tena." Akakuna shingo. "Lazima niulize, Koku. Ni kweli ulisema?"

Ningeweza kusema hapana. "Ni kweli. Nimesema mara nyingi."

Clive akaangua kicheko mpaka fito ikamponyoka. "Na mimi je? Jana nimemwambia mke wangu kwamba nayachoma maharage haya yote na kuhamia Hispania. Tukimnyang'anya shamba kila anayesema hivyo, hapa watabaki kunguru." Kisha akaacha kucheka. "Andika mistari miwili kwamba ulikuwa kwa wajukuu. Notisi naifuta leo. Shamba ni lako mpaka utakapolirudisha wewe mwenyewe, kwa maandishi, ukiwa umekasirika kwelikweli."

Nilishukuru. Lakini sikuinuka. Nilikuwa nimekesha nikimfikiria yule mtoto wa pengo.

"Clive, shamba linaweza kukatwa katikati?"

"Wazee wengi hufanya hivyo. Kwa nini?"

"Nusu nataka iende kwa wa kwanza kwenye foleni."

Alinitazama muda mrefu. Anaijua foleni kwa moyo. "Baada ya hili?"

"Joanne hakuandika barua yoyote. Na angeniomba, au mama yake angeniomba, ningempa siku hiyohiyo. Ndiyo maana inaniuma."

Clive alichukua kamba yake ya kufungia maharage, tukaenda tukapima.

Joanne alikuja jioni ile ile, baada ya Clive kumpigia simu na kumweleza yote. Alikuwa amelia njiani, pua imemvimba. Alitaka kukataa. Nilimpa jembe. "Utakataa baadaye," nikamwambia. "Kwanza ng'oa hayo, mvua inakuja na nimechoka na shamba hili." Akashtuka. Nikamwambia hayo ni maongezi tu, akacheka huku analia. Wanawe walichimba shimo refu mahali ambapo hapakuhitaji shimo.

Wiki mbili baadaye Beryl alikuja. Alisimama kwenye njia ya changarawe, amevaa koti lake zuri. Joanne alikuwa amekwenda kuteka maji.

"Clive ameniambia," akasema. "Nilijua utaelewa, Koku. Una moyo mzuri, siku zote nimesema. Basi tusahau. Jumamosi kuna bustani moja Ashbourne, wana bata wa kila rangi."

Nilikuwa nimepiga magoti, ikabidi niinuke kwanza, na kuinuka kwangu kunachukua muda. Alinyosha mkono anisaidie, kama alivyonisaidia mara nyingi. Nilishika kigingi.

"Sikuelewa, Beryl," nikamwambia. "Nimempa Joanne. Wewe sijakupa kitu."

"Usiwe hivyo, kipenzi. Umri wetu huu?"

"Ndiyo, umri wetu huu. Siendi Ashbourne."

"Basi Jumamosi nyingine."

"Hapana. Na sisemi hivyo kwa sababu ya mgongo, wala kwa sababu ya mvua. Nasema kwa sababu siwezi kuketi ndani ya gari lako."

Hakuna aliyewahi kumwambia jambo hivyo, nadhani, wazi na mchana kweupe, watu wakipita na mikokoteni. Alitazama viatu vyake, akatazama upande wa Joanne, halafu akaniambia kwamba miche yangu ya maboga inahitaji maji.

"Najua," nikasema.

Akageuka, akaenda zake kwenye ile changarawe, akitembea polepole kama mtu anayetarajia kuitwa. Moyo wangu ulitaka kumwita. Nilirudi chini kwa magoti yangu, nikaendelea kung'oa magugu mpaka sikusikia tena hatua zake.