Hatua Thelathini za Bibi

Fundi cherehani alipochaguliwa kuwa katibu wa kamati ya kuokoa kijito, alijua fika kwamba hakuchaguliwa kwa hekima. Alichaguliwa kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuja mkutanoni na kalamu. Hata hivyo alifurahi kupita kiasi, maana kijito kile kilimuuma. Kibanda chake kilitazamana na njia ya majini, na kiangazi kilichopita aliwaona kina mama wakipita na ndoo asubuhi na kurudi saa saba, ndoo nusu, tena ya matope. Watu walikuwa wamelima hadi ukingoni na kukata kila kilichoota. Mvua zikaja, zikaumega ukingo na kuumwaga majini. Yeye aliogelea pale utotoni, na sasa kuku aliweza kuvuka bila kulowa goti.

Afisa wa mazingira alikuja mara moja, akaeleza vizuri: acheni ukanda mpana kando ya maji, majani yaote, miti ipandwe, jembe lisiguse, na kijito kitajirudi chenyewe. Wote wakapiga makofi, kwani makofi hayamgharimu mtu. Alipoulizwa ukanda uwe mpana kiasi gani, akasema hatua thelathini zingefaa, akapanda pikipiki yake na kwenda zake.

Hatua za nani? Hapo ndipo mkutano ulipokwama siku tatu. Fundi alitoa tepu yake ya kushonea, akasema ipimwe kwa mita na mambo yaishe. Mwenyekiti wa kamati, mtu mnene wa mwili na wa maneno, akasimama na kuwaomba wajumbe waitazame suruali aliyovaa, kwa sababu ilipimwa kwa tepu hiyo hiyo. Wajumbe wakaitazama. Hoja ya tepu ikafa papo hapo.

Mtu mmoja akampendekeza Twiga, mfyatua matofali, ambaye hatua yake moja ungeweza kumlaza mtoto ndani yake. Wenye mashamba ya kando ya kijito wakapiga kelele kwamba huko si kuhifadhi, ni kunyang'anywa. Ndipo mwenyekiti, kwa sauti ya upole ambayo Fundi alipaswa kuishuku, akasema mpimaji awe mmoja kwa mashamba yote, asiwe na shamba majini, na awe mtu wa heshima asiyehongeka. Akamtaja Bibi. Mikono yote ikaenda juu kabla hajamaliza kulitaja jina. Wakakubaliana pia kwamba Bibi akishindwa njiani, Twiga atamalizia.

Sasa, Bibi alikuwa mama mkwe wa Fundi. Tangu aanguke mlangoni miaka mitatu nyuma, alikaa kibarazani na mguu wake juu ya kigoda, na mganga wa zahanati alipomwambia atembee, alimjibu kwamba atatembea akipata pa kwenda. Alipotembea, aliweka kisigino cha mguu mmoja mbele kidogo tu ya kidole gumba cha mwingine, kisha akapumzika. Hatua thelathini za Bibi hazikufika urefu wa nyumba ya vyumba viwili. Kila mtu alilijua hilo, na katibu akaandika kwenye muhtasari kwa mkono wake mwenyewe: kijito kiachiwe hatua thelathini za Bibi katika kila shamba.

Upimaji ukaanza. Bibi alipelekwa kwa mkokoteni, amekaa juu ya mto, kanga mpya begani, na kila shamba lilimwandalia kiti na chai. Akashushwa ukingoni, akaanza kuburuta miguu, na Fundi akamfuata nyuma akihesabu kwa sauti, vigingi kwapani na nyundo mkononi. Hasira ilimpanda. Alitaka kusema, mama, panua kidogo. Lakini mkwe gani atasimama mbele ya watu na kumwambia mama mkwe wake apanue miguu? Akapigilia kigingi pale alipoishia. Kwa mwenyekiti, kigingi kiliingia kabla hata ya mgomba wa kwanza. Mwenyekiti akamshukuru Bibi na kumwongezea sukari.

Siku nane wakamaliza mashamba kumi na tisa. Ukanda uliopatikana ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mbuzi aliyesimama ndani yake alikula pande zote mbili bila kusogea. Fundi hakulala vizuri. Aliona aibu, na kilichomtesa zaidi ni kwamba kamati nzima ilimpongeza kwa kazi nzuri.

Likabaki shamba la ishirini, la mke wake. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mwanamke ambaye wachuuzi wa sokoni walipunguza bei wakimwona kwa mbali. Bustani yake ya mboga ilipanda kutoka majini: vitunguu, kisha bamia, kisha maboga, na kwa vitunguu vile alisomesha mapacha. Yeye ndiye aliyeomba shamba lao liwe la mwisho, kisha akaomba wiki tatu zaidi ili vitunguu vikomae. Hakuogopa kupimwa na mama yake mzazi. Hofu yake ilikuwa moja tu: mguu wa Bibi usije ukagoma kabla ya zamu yao, akaletwa Twiga.

Kwa hiyo akauhudumia mguu ule kama mgeni wa heshima. Asubuhi na jioni aliukanda kwa maji ya moto, akaupaka mafuta, akaufunga kitambaa, akauombea. Bibi naye alikuwa ameonja utamu wa kutoka. Kila mchana alishika fimbo na kwenda kuwasalimia wenye mashamba kumi na tisa, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu chai ya kila nyumba alikuwa ameshaijua na alikuwa na maoni juu yake. Fundi alimwona akipita mbele ya kibanda chake, mara ya kwanza polepole, mara ya tano bila fimbo, na mara ya kumi alipoinua macho kutoka kwenye cherehani alikuta kanga tu ikiishia kwenye kona. Hakusema neno nyumbani. Hakuulizwa.

Siku ya kupima, watu walijaa ukingoni, mwenyekiti mbele yao. Mkokoteni ulikuja mtupu. Bibi alikuja nyuma yake kwa miguu, akatazama huku na huku, akavua viatu, na kuondoka.

“Moja,” akasema Fundi, akalazimika kukimbia kidogo. Hatua ya saba walikuwa wameviacha vitunguu. Ya kumi na tano wakapita bamia. Maboga Bibi aliyaruka, sketi mkononi, bila kupunguza mwendo. Ya thelathini ilimfikisha karibu na choo. Akageuka, hakuhema hata kidogo.

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mama Pacha hakucheka. Alimsogelea mama yake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amemwonea mwanawe wa kumzaa.

“Sijakuonea,” Bibi akasema. “Wale wenzako walinikuta mgonjwa. Wewe umenikuta nimepona.”

Mwenyekiti akafuta machozi ya kicheko, akatangaza kwamba kipimo ni kipimo na muhtasari ni muhtasari, na katibu apigilie kigingi. Mama Pacha akamtazama mumewe. Fundi alielewa: vigingi ni vyako, nyundo ni yako, sogeza kigingi chini. Na angeweza. Nusu ya watu wale wangemsamehe kabla ya chakula cha mchana. Akaona bustani yote ile, miaka yote mke wake ameinama juu yake, na roho ikamuuma kwelikweli. Kisha akatazama kijito, ambacho ungeweza kukifunika kwa shuka.

Akapigilia pale pale, karibu na choo. Akapiga kidole chake mara mbili.

“Hiki ndicho kipimo cha kweli,” alisema. “Vile kumi na tisa ni mchezo, na kosa ni langu. Nilijua, nikanyamaza kwa kumheshimu mama. Kijito nacho nikakikosea heshima.”

Mwenyekiti akasema kwa upole ule ule kwamba mashamba mengine yalishapimwa na mjadala umefungwa. Kauli hiyo angeiweka mfukoni kama angejua nani amesimama nyuma yake.

“Muhtasari unasema hatua za nani?” Mama Pacha akauliza.

“Za Bibi,” akajibu mwenyekiti.

“Bibi huyu hapa. Amechoka?”

Bibi akasema hajachoka, na kwamba kwa kweli alikuwa ndiyo kwanza anapata moto.

“Basi twende kwako, mwenyekiti. Mimi siwezi kupoteza vitunguu peke yangu wakati wewe unakula ndizi.”

Mwenyekiti alitafuta macho ya kumuunga mkono, lakini waliopoteza kidogo walitaka kumwona aliyepoteza kidogo zaidi yao akipimwa, na wasio na shamba majini walitaka tu kicheko kiendelee. Wakaenda wote. Mama Pacha alitangulia na vigingi, Bibi katikati, Fundi nyuma akihesabu. Kwa mwenyekiti walipita migomba safu nne. Hadi jioni walikuwa wamerudia mashamba saba, na kila aliyepimwa alijiunga na msafara ili kuhakikisha jirani yake hasalimiki. Hakuna mkutano wowote ulioitishwa kwa ajili ya kijito uliowahi kupata mahudhurio kama yale.

Fundi aliporudi nyumbani alipitia bustanini, akiandaa maneno. Alimkuta mkewe amepiga magoti karibu na choo, anashindilia udongo kuzunguka kile kigingi.

“Mama Pacha,” akaanza, “pole kwa bamia.”

“Bamia nitapanda nyuma ya nyumba,” akasema bila kuinua uso. “Vitunguu nitaving'oa kesho, na baada ya hapo sitaki kuona jembe huko chini, hata la kwangu. Lete nyundo. Mwenyekiti atatuma mtu kuja kuchungulia kama tumekisogeza, na lazima akikute hapa hapa.”

Fundi alikuwa amemwogopa mwanamke huyu kwa miaka kumi na mmoja, na jioni ile aliona hakukosea hata siku moja. Akampa nyundo, akakishika kigingi kwa mikono miwili ili apige.